Igiti si kiti

Mgeni anayehamia Nyabibuye, kwenye vilima vya Kakonko karibu na mpaka wa Burundi, hasumbuliwi sana na maneno ya Kiha asiyoyajua. Hayo atayauliza. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua.

Chukua umuti. Sikio lililozoea Kiswahili husikia mti. Kwa Waha, kama kwa Warundi na Wanyarwanda, umuti ni dawa. Mti wenyewe ni igiti. Na hilo igiti, ukiliondolea irabu ya mwanzo na kurudisha k mahali pa g, linakuwa kiti, kile kile tunachokalia, ambacho Mrundi hukiita intebe. Shina ni moja, -ti, la kale katika lugha za Kibantu. Kiswahili kiliuacha mti ubaki mti, kikaazima dawa kutoka Kiarabu. Huku juu umbo hilo likabebeshwa tiba, na si ajabu, maana waganga huchimba mizizi na kubandua magome.

Hiyo g ina kanuni yake. K ya kiambishi hugeuka g pale silabi inayofuata inapoanza na sauti isiyo ghuna, kama t, s au h. Ndiyo maana husemwa Igiha, lakini Ikirundi hubaki na k. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, jina alilolitunga Carl Meinhof mwaka 1903 kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari aliyechunguza Kinyamwezi.

Ukishaishika, vitenzi vinafunguka, na mitego pia. Guteka ni kupika. Maji, huku, huvomwa. Gushika ni kufika, na kushika ni gufata. Mtoto anayeandika “mama anateka ugali” amegeuza sauti barabara, ila maana haikufuata. Mwalimu anayemchorea mstari mwekundu bila kumweleza anampotezea somo zuri kuliko lililo kitabuni.

Zahanati ndiko ninakohofia zaidi. Inda ya Kiswahili ni roho mbaya. Ya Kirundi ni tumbo, na hata mimba. Tangu mwaka 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ilipokea wakimbizi wengi wa Burundi. Muuguzi akiambiwa huko kwamba mtoto ana inzoka, aulize kwanza kuhusu tumbo: neno hilo ni nyoka, na ni minyoo vilevile.