Dar hadi Tunduma: Pa kula, pa kutazama na pa kununua

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayetoka Kariakoo kwenda Tunduma huwa amepiga hesabu zote: mafuta, dereva, utingo, hata fedha ya kubadilisha tairi. Ukimuuliza atakula wapi, atakujibu "njiani". Jibu hilo hula mtaji kimya kimya. Njaa ikikushika mahali pabaya utakula vibaya kwa bei ya juu, na mzigo utaununua kwa haraka ili uondoke.

Wiki hii, badala ya bei za sokoni pekee, tunaipitia barabara kuu ya Zambia, yenye zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam hadi mpakani, kwa jicho la mtu mwenye gari dogo la mizigo na mtaji wa kawaida.

Ondoka saa 10 alfajiri. Chalinze usikae, isipokuwa kwa nanasi la kula garini. Chai unywe Morogoro, kilometa kama 190 kutoka Dar, Milima ya Uluguru ikiwa mbele yako na ukungu haujaondoka. Supu na chapati za hapo zitakufikisha mbali.

Baada ya Morogoro barabara inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilometa kama 50. Hapo utaona twiga, swala, nyati, na siku ya bahati tembo, bila kulipa kiingilio mradi hukuacha barabara kuu. Lakini punguza mwendo. Faini ya kumgonga mnyama hupangwa kwa aina ya mnyama, na mnyama mmoja tu anaweza kumaliza faida ya safari nzima.

Chakula cha mchana kiwe Ruaha Mbuyuni. Bonde lote ni mibuyu, joto ni kali, na kando ya barabara vitunguu vimepangwa hadi macho yanachoka. Hapo ndipo wageni wengi wa biashara hii hukosea, kwani hununua wakiwa wanakwenda. Mama mmoja muuza vitunguu alimwambia mwandishi huyu bila kumficha: "Kaka, ukinunua leo utakwenda navyo Mbeya kutalii, halafu urudi navyo Dar vimeota. Chukua namba yangu, uje ukirudi." Muuzaji wa namna hiyo usimpoteze.

Siku ya kurudi, shika kitunguu shingoni. Kama shingo ni laini na mbichi, kiache, maana hakijakauka na kitaoza ndani ya gunia. Tena dai kupimiwa kwa kilo. Lumbesa, lile gunia lililovishwa kilemba, limepigwa vita na Wakala wa Vipimo kwa miaka mingi, na bado lipo. Huwanyonya wakulima, na wewe mnunuzi pia hujui umenunua kiasi gani.

Kutoka hapo unaukabili mlima Kitonga. Malori hupanda kwa mwendo wa konokono, kona ni kali, na upande mmoja ni korongo. Usilipite gari mahali hapo hata dereva wa mbele akikupa ishara. Ukifika juu, simama mahali palipo salama utazame nyuma. Bonde lote lililokutesa kwa joto liko chini yako, na upepo umeshakuwa baridi.

Ilula ni nyanya. Mwandishi ana kovu lake hapo. Miaka kadhaa iliyopita alijaza matenga kwa nyanya zilizoiva vizuri, nyekundu tupu, akalala Morogoro kwa sababu ya uchovu. Alipofika sokoni Dar, matenga ya chini yalikuwa yanatoa maji, na dalali hakutaka hata kuyagusa. Nyanya za safari ni zile zinazoanza kubadilika rangi, zinapakiwa jioni, na gari halilali.

Lala Iringa. Asubuhi panda jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, uuone mji wote. Mwenye saa mbili za ziada aende Isimila, kilometa kama 20 kwa barabara hiyo hiyo ya Mbeya, akaone nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Ulanzi ni mtamu, lakini si kwa dereva.

Mafinga ni mbao kutoka msitu wa Sao Hill. Bei huvutia, lakini mbao mbichi ni nzito na hupinda, na bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu utaziacha kizuizini. Makambako, penye njia panda ya Njombe na Songea, ni mahali pa kula viazi na kujaza mafuta. Zaidi ya hayo hapana kubwa la kutazama.

Igurusi, katika tambarare za Usangu, panahitaji nusu siku. Mchele uununue kwenye mashine za kukoboa, si barabarani. Tafuna punje: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea ni mpya na itapungua uzito ghalani kwako. Angalia chenga chini ya gunia, kwani juu kila gunia ni zuri.

Baada ya Mbeya, kabla ya kufika Vwawa, ingia kando ukaone Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la urefu wa meta 3 hivi lililoanguka kutoka angani. Tunduma yenyewe ni foleni ya malori na wabadilisha fedha wa mitaani, ambao ni bora kuwapita.

Kuhusu gharama za njiani: magari ya kuanzia tani 3.5 hupita mizani, ikiwemo ya Vigwaza, Wenda, Makambako na Mpemba. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ushuru wa mazao yasiyozidi tani 1 yanayovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Wenye mzigo mkubwa waulize kiwango kwenye halmashauri wanakonunua na watunze stakabadhi hadi Dar.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na wafanyabiashara wengi wameyakimbilia. Anayekwenda kukusanya deni afanye hivyo. Anayekwenda kununua atapita Ruaha Mbuyuni na Ilula amelala, na bei atakayoijua ni ile aliyotajiwa na dalali wa Dar.