Wiki Moja na Bi Mwenyekiti: Jinsi Walezi wa Likoni Wanavyolinda Pesa na Heshima

Kuna kazi isiyo na mshahara wala likizo, na ukiumwa hakuna wa kukushikia zamu. Ni kazi ya kumwosha mama aliyepata kiharusi, kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au kukesha na mzee ambaye usiku hajui tena mlango wa nyumba yake uko wapi. Utafiti wa KNBS wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa.

Walezi hawa ni wateja wetu. Tena wengi wao wanashika simu mbili: yao na ya mgonjwa. Ndiyo maana tulikaa wiki moja Likoni, Mombasa, na kiongozi wa kikundi kidogo kinachowasaidia. Aliomba tusitaje jina lake wala la kikundi, kwa hiyo tutamwita anavyoitwa na mtaa mzima: Bi Mwenyekiti.

Jumatatu: Pesa zote mlango mmoja

Kikundi kinaishi kwa michango. Kila mlezi anatoa shilingi 50 kwa wiki, na wasamaria wema wanaongeza. Zamani pesa zote zilikuwa zinaingia kwenye simu ya Bi Mwenyekiti.

"Nilikuwa sijui ipi ni ya nepi za wagonjwa na ipi ni yangu ya unga," anasema. "Siku nikivaa leso mpya, watu wanaiangalia leso, halafu wananiangalia mimi."

Siku hizi kikundi kimesajiliwa na kina nambari yake ya Paybill. Kutoa pesa kunahitaji watu wawili: mweka hazina anaanzisha malipo, Bi Mwenyekiti anaidhinisha. Hakuna anayeweza kufanya yote mawili peke yake. Kila Jumatatu asubuhi mweka hazina anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Anatumia sauti kwa sababu si wanachama wote wanaosoma vizuri, na kila mwenye pesa yake humo ana haki ya kujua.

Jumanne: PIN ni ya nani?

Jumanne ni siku ya kutembelea majumbani. Tuliingia kwa binti mmoja anayemlea mamake. Kiharusi kilimchukua mama upande wa kulia, lakini akili yake ni timamu kabisa. Binti alikuwa anatumia simu na PIN ya mamake kwa kila kitu. Hakuna ubaya aliokusudia. Ni haraka tu: dawa zinahitajika, duka linafungwa.

Bi Mwenyekiti akaketi kitandani, akauliza, "Mama, mkono wa kushoto si upo?" Wakabadilisha PIN siku hiyo hiyo. Sasa binti anamsomea mama kiasi na jina la anayelipwa, kisha mama mwenyewe anabonyeza PIN kwa kidole cha kushoto. Inachukua dakika tano. Lakini kwa hizo dakika tano mama ni mwenye mali, si mzigo.

Je, kama mgonjwa haelewi tena? Hapo usiendelee kimyakimya na PIN yake. Familia ikae, ikubaliane nani anapokea pesa za matunzo na kwa laini ipi, kisha mtembelee kituo cha huduma kwa wateja mkiwa na vitambulisho ili mwelekezwe kuhusu pesa zilizo kwenye laini ya mgonjwa. Kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa aliye kwenye mpango wa Inua Jamii, ambao ni shilingi 2,000 kwa mwezi, mlezi anaweza kuandikishwa rasmi kupokea kwa niaba yake. Kuandikishwa kunamlinda mgonjwa, na kunamlinda mlezi pia.

Jumatano: Siku ya kliniki

Kutoka Likoni kwenda kliniki kisiwani ni kuvuka feri. Mwenda kwa miguu havuki kwa pesa, lakini ukiwa na mgonjwa wa kiti cha magurudumu, tuktuk ya kufika feri na nyingine ya ng'ambo hazikwepeki. Kikundi kinamtumia mlezi nauli asubuhi hiyo hiyo, moja kwa moja kwenye simu yake.

Kwa gharama za matibabu, Bi Mwenyekiti ana sheria moja: pesa ya hospitali inalipwa kwenye nambari rasmi ya hospitali, na jina likisomwa kabla ya PIN. Haitumwi kwa mtu anayejitolea "kukusaidia na foleni".

Anawauliza pia kuhusu SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na ajira rasmi analipa mchango wa mwaka mzima mbele, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Si rahisi kuzipata kwa mkupuo, kwa hiyo baadhi ya walezi wanaweka kidogo kidogo kila wiki.

Alhamisi: Kikao cha familia

Hii ndiyo siku iliyotugusa zaidi. Ndugu watatu wanamtumia dada yao pesa za kumtunza baba. Mmoja yuko Nairobi, mmoja anafanya kazi Saudi Arabia, mmoja yuko hapo hapo Mombasa. Maneno yalikuwa yameanza: pesa zinaenda wapi? Dada alikuwa amefikia kusema atamwacha mzee na kurudi kwake.

Bi Mwenyekiti alikuwa amemwomba dada atoe taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Wakaipitia mstari kwa mstari, ndugu wa mbali wakisikiliza kwa simu. Nepi, dawa za presha, maziwa, nauli. Mle mlimokuwa na pesa taslimu, dada alionyesha risiti alizozihifadhi kwenye mkebe wa biskuti. Chache hazikuwepo, na akakubali hivyo.

Kisha Bi Mwenyekiti akauliza swali ambalo halimo kwenye taarifa yoyote: "Usiku nani anamgeuza?" Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulalia. Simu zote mbili zikanyamaza.

Wa Saudia aliahidi kutuma kiasi kile kile kila tarehe 5. Wa Nairobi atalipa duka la dawa moja kwa moja kwa Till. Wa Mombasa aliondoka bila kuahidi kitu. Si kila kikao kinaisha kwa kukumbatiana, lakini dada hakufunga mizigo.

Ijumaa: Tapeli hajali nani anauguza

Mlezi mmoja alipokea SMS kwamba ametumiwa shilingi 4,500. Dakika moja baadaye simu: "Mama, nimekosea, hiyo ni karo ya mtoto, tafadhali nirudishie." Alikuwa anamlisha mtoto kwa mkono mwingine, amechoka, na alitaka kutenda wema.

Kabla ya kutuma akampigia Bi Mwenyekiti, naye akasema maneno matatu: "Angalia salio kwanza." Salio halikuwa limesonga. SMS ilikuwa imetoka kwa nambari ya kawaida ya simu.

Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Mwambie aliyekosea apigie huduma kwa wateja aombe muamala urejeshwe.

Jumamosi: Saa tatu za mtu

Jumamosi wanachama wanapokezana. Mmoja anakaa na mgonjwa wa mwenzake kwa saa tatu, ili mwenzake aende msusi, arusini, au alale tu. Kikundi kinalipa nauli ya anayekuja, basi. "Watu wanadhani tunagawa nepi," anasema Bi Mwenyekiti. "Tunagawa usingizi."

Jumapili hafanyi kazi ya kikundi. Ana mwanawe wa miaka 19 wa kuosha na kulisha.

Kama unamlea mtu nyumbani, anza na haya:

1. Tenga pesa za mgonjwa na zako. Laini moja ya matunzo inatosha, na familia yote iijue.
2. Mgonjwa anayeweza kubonyeza PIN yake, abonyeze mwenyewe.
3. Lipa kwa Till au Paybill panapowezekana, ili kila shilingi iache alama.
4. Toa taarifa ya miamala kila mwezi na uwatumie ndugu kabla hawajauliza.
5. Kama wewe ndiye ndugu wa mbali, tuma kwa tarehe inayojulikana. Na ukituma, uliza pia ni nani aliyekesha.