Fahamu: Karatasi ya kipimo cha mapafu inasema nini?

Mkazi wa Muyeye akitumwa kupimwa mapafu, hurudi na karatasi ya herufi na asilimia. Akiona 78, hudhani robo ya mapafu imekufa. Sivyo.

Katika kipimo hiki, spirometria, unavuta pumzi hadi mwisho kisha unaipuliza kwa nguvu zote. Tazama kwanza FVC, hewa yote uliyotoa, na FEV1, iliyotoka sekunde ya kwanza. Gawanya FEV1 kwa FVC. Jibu likiwa chini ya 0.70, huenda njia za hewa zimebana, kwa pumu au kwa moshi wa miaka mingi, uwe wa sigara au wa kuni jikoni. Kwa wazee namba hii hushuka yenyewe kidogo. Dawa ya kuvuta ikifungua pumzi, pumu hushukiwa zaidi.

Uwiano ukiwa mzuri lakini FVC ndogo, kifua kikuu cha zamani huenda kimeacha makovu. Au hukupuliza ipasavyo; ndiyo maana hupuliza angalau mara tatu.

Asilimia hukulinganisha na watu wa umri, kimo na jinsia yako. Watu gani, hasa? Kwa miaka mingi mashine nyingi zilishusha kiwango cha kawaida kwa watu weusi, hivyo ugonjwa ungeweza kufichika. Mwaka 2023 Jumuiya ya Madaktari wa Kifua ya Marekani ilipendekeza viwango visivyotazama rangi. Mapafu yaleyale yanaweza kupata asilimia mbili tofauti.

Uliza mashine imetumia viwango gani, na uitunze karatasi hiyo kwa kipimo kijacho.