Je, Aliyeokoka Atubu Tena?



Huku Mwanza na kando ya Ziwa walimu wa ubatizo huulizwa neno hili: "Ikiwa nimekwisha kuokoka, mbona naambiwa nitubu tena?" Swali hili si dogo. Wako wanaokosa usingizi kwa ajili yake, na wako walioacha kuungama kabisa, wakidhani kwamba kutubu ni kuikana neema.

Twakumbuka habari za Uamsho. Mwezi wa Septemba, 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, tabibu Mwingereza wa Gahini katika Rwanda, walikutana juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Kabla ya mwaka 1940 kwisha, moto ule ulikuwa umefika Bukoba, ng'ambo ya Ziwa letu. Watu wale, walioitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka, walinena pasipo kusita kwamba wameokoka. Na hao hao ndio waliosimama mkutanoni wakaungama dhambi zao, wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Wengi waliudhika, wakawaita wenye kiburi. Sisi twaona kwamba kiburi hakirudishi jembe la jirani mbele ya watu. (Kweli, mara nyingine yalisemwa hadharani mambo yaliyofaa kuambiwa mchungaji peke yake.)

Basi, mvuvi aliyeiba wavu mwaloni, akiurudisha, je, ananunua msamaha? Hasha! Zakayo alimkaribisha Bwana kwa furaha, ndipo akasimama na kuahidi kulipa mara nne (Luka 19). Mtoto akivunja mtungi humwomba baba yake radhi. Haombi ili azaliwe tena, maana mtoto ni mtoto. Tena tuangalie Waraka wa kwanza wa Yohana. Katika sura ya kwanza mtume awataka waamini, si wapagani, waungame dhambi zao. Katika sura ya tano asema amewaandikia wapate kujua ya kuwa wanao uzima wa milele. Waraka ni mmoja, na wasomaji ni wale wale.

Lakini ajisifuye kwamba ameokoka, na wavu wa mwenziwe umo nyumbani mwake, huyo tusimfariji upesi. Tumsomee sura ya kwanza kabla ya ile ya tano, kisha tumsindikize mpaka kwa mwenye wavu, siku ile ile, kwa maana njia ile ni nzito kwa mtu aendaye peke yake.