UTABIRI WA HALI YA HEWA: NI AHADI AU NI UWEZEKANO?

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mpenzi msomaji, ni mara ngapi umeyaona mawingu yakitanda upande wa bahari, ukaanua nguo mbio mbio, kisha upepo ukayapeperusha yote na jua likawaka kama kawaida? Hakuna aliyeyaita mawingu hayo waongo. Ajabu ni kuwa mtabiri akisema redioni kwamba mvua itanyesha, nayo isinyeshe, twamwita mwongo saa hiyo hiyo!

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi utabiri unavyofanywa, na kwa nini wataalamu wenyewe hawana hakika kamili. Jambo hili si la mzaha kwetu sisi wa Malindi na Kilifi. Mvuvi, mkulima na msafiri wote hutegemea anga.

Kimbunga Hidaya

Mwanzoni mwa Mei 2024 watu wa pwani, toka Mtwapa hadi Ngomeni, walikuwa na neno moja mdomoni: Hidaya. Hicho kilikuwa kimbunga kilichozaliwa katika Bahari Hindi, mashariki ya Tanzania. Tarehe 3 Mei, Rais William Ruto alilihutubia taifa na kuionya pwani ijiandae kwa mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi. Siku hiyo hiyo kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa kwa ajili ya mafuriko yaliyokuwa yameenea nchini, ndiyo maana muhula ule ulianza tarehe 13 Mei. Wavuvi nao waliambiwa wakae mbali na bahari.

Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikiwa kimeanza kupoteza nguvu. Mvua zake zilifanya uharibifu kusini mwa nchi hiyo, hata barabara ya kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatwa na maji. Huku kwetu maafa yaliyohofiwa hayakutokea. Basi maneno yakaanza vijiweni: "Ati kimbunga! Kimbunga gani bwana? Wametulaza njaa bure!"

Je, ni kweli tulidanganywa? Hebu tutazame kwanza kimbunga ni nini.

Kimbunga ni kama pia inayozunguka. Hupata nguvu yake kutoka kwa maji ya bahari yenye joto, na mzunguko wake hutokana na kuzunguka kwa dunia yenyewe. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha upepo ni hafifu mno. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta, Mafia karibu nyuzi 8, na Lindi nyuzi 10. Kwa hivyo kadiri tunavyokwenda kusini ndivyo hatari inavyoongezeka. Lakini hatari ndogo si sawa na kutokuwa na hatari. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Na upande wa kaskazini ya ikweta, kimbunga Gati kiliingia Somalia Novemba 2020. Sisi tuko katikati yao. Mtaalamu aliyetuonya mwaka 2024 alijua kwamba uwezekano ni mdogo, lakini pia alijua kwamba kosa la kunyamaza lingekuwa kubwa kupita kiasi.

Kompyuta hutabiri vipi?

Siku hizi utabiri hufanywa kwa modeli, maanake ni hesabu ndefu za kompyuta zinazoiga mwendo wa hewa. Anga yote hugawanywa vijisanduku, na kila kisanduku huandikiwa joto lake, unyevu wake, upepo wake na kanieneo yake. Kisha kompyuta hupiga hesabu: baada ya dakika chache itakuwaje? Na baada ya hapo? Huendelea hivyo hivyo mpaka ifike kesho, kesho kutwa na mtondo.

Matatizo ni mawili. La kwanza ni kwamba hatujui hali ya leo kwa ukamilifu. Kuna kituo cha kupima hali ya hewa Malindi na kingine Mtwapa, lakini ukitazama mashariki ni maji matupu kwa mamia ya kilomita. Setilaiti hutusaidia kuona mawingu na joto la bahari, ila haziwezi kupima kila kitu kila mahali.

Tatizo la pili liligunduliwa na Edward Lorenz, mtaalamu wa Marekani, mwaka 1961. Alitaka kurudia hesabu moja ya hali ya hewa katika kompyuta yake. Badala ya kuandika 0.506127 aliandika 0.506, akidhani tofauti ndogo kiasi hicho haina neno. Lo! Hesabu zilianza pamoja, kisha zikaachana kidogo kidogo, na mwishowe zikatoa hali ya hewa mbili zisizofanana hata chembe. Kosa dogo la leo huzaa kosa kubwa la juma lijalo.

Basi wataalamu walifanyaje? Walikubali kwamba hawajui kila kitu, wakaupima huo ujinga wao. Tangu 1992 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani havipigi hesabu moja tu. Hesabu hurudiwa mara nyingi, na kila mara hali ya mwanzo hubadilishwa kidogo. Kile kituo cha Ulaya kwa miaka mingi kimetumia tabiri 50 za namna hiyo pamoja na moja ya msingi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika tabiri 50 kimbunga kinaelekea kusini mara 45, na mara 5 kinageuka kuja kaskazini. Hapo uwezekano wa kuja kwetu ni 1 katika 10. Kisipokuja, utabiri haukukosea. Na kikija, vile vile haukukosea! Aliyekosea ni yule aliyesikia "1 katika 10" akaenda kusimulia "kinakuja" au "hakiji".

Mambo ya El Nino

Mfano mwingine ni mvua za vuli. Tangu mafuriko makubwa ya 1997, jina la El Nino limekuwa kama jini la kutishia watoto. El Nino ni kupata joto kwa maji ya Bahari Pasifiki, mbali kabisa na sisi. Mara nyingi hutuongezea mvua, lakini si kila mara. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa na nguvu sana, watu wakajiandaa, na mvua ya Kenya haikufikia ile ya 1997. Mwaka 2019 hapakuwa na El Nino ya kutisha, lakini mvua zilinyesha kupita kiasi, na Novemba maporomoko ya ardhi yakaua makumi ya watu huko Pokot Magharibi.

Siri iko katika bahari yetu wenyewe. Mwaka 1999 wataalamu walieleza kwamba Bahari Hindi ina kama mizani: upande wetu wa magharibi ukipata joto na ule wa Indonesia ukipoa, mvua humiminika Afrika Mashariki. Mizani hiyo ilielemea kwetu mwaka 1997, tena 2019, tena 2023.

Nao mwaka 2023 ulitupa funzo chungu. Kwanza palitangazwa El Nino. Oktoba, Rais akasema kwamba kwa taarifa mpya za wataalamu mvua itakuwa nyingi lakini haitafikia kiwango cha maafa. Watu wengi wakapumua. Novemba mvua ikaja kwa kishindo, usafiri kati ya Mombasa na Malindi ukakatika penye daraja la Mbogolo, na katika Kenya nzima zaidi ya watu 100 wakafa kabla ya mwaka kwisha. Neno "uwezekano umepungua" lilikuwa limefika masikioni mwa watu kama "hatari imekwisha".

Tusisahau pia Mto Sabaki. Maji yake hutoka mbali, hata karibu na Nairobi. Mtu wa Magarini aweza kufurikiwa na maji ilhali juu yake jua linawaka!

Ujuzi wa wazee

Wazee wetu walijua majira, yaani kusi na kaskazi. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiongozwa na rubani aliyempata hapa, akafika India kwa majuma manne hivi. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliteseka baharini miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa, ndipo akaiona Malindi tena Januari 1499. Majira hutabirika, lakini dhoruba ya siku moja ni kazi nyingine.

Tufanyeje basi?

Usikiapo utabiri, jiulize maswali matatu. Je, ni wa siku ngapi mbele? Wa kesho uamini zaidi kuliko wa juma zima. Je, uwezekano ni kiasi gani? Na je, nikipuuza nitapoteza nini? Mvuvi akikaa pwani siku mbili bure, hupoteza samaki wa siku mbili. Hilo ni pigo, hasa kwa mwenye watoto. Lakini akienda na dhoruba ikaja, hupoteza mashua na roho, na hao watoto hubaki mayatima.

Nasi wanafunzi tuweke kipima mvua shuleni, tuandike milimita za kila asubuhi na kuzilinganisha na utabiri wa jana yake. Baada ya mwaka mmoja tutajua wenyewe utabiri husadifu mara ngapi katika kumi, na tutakuwa na jibu la kuwapa wa vijiweni. Tahadhari kabla ya hatari, nayo tahadhari haisubiri hakika.