Nani Aliigawa Sfinksi?

Watoto waliokulia kwenye ngano ya Goso Mwalimu wanaujua mlolongo: buyu limemwangukia mwalimu, na wanafunzi wanashitaki kusi, kisha kiambaza, kisha panya, kisha paka, hadi wafike kwa paa. Jessie Hartland, mwandishi na mchoraji wa Marekani, alitumia muundo wa aina hiyo katika kitabu cha picha alichokitoa mwaka 2010, How the Sphinx Got to the Museum, kueleza jinsi sfinksi, sanamu ya Misri ya kale, ilivyofika Metropolitan Museum of Art, New York. Ni chaguo la busara, maana mtoto anaona kwamba kitu cha makumbusho kimepita mikono mingi. Ila kuna tofauti. Mlolongo wa Goso ni upelelezi, unatafuta mwenye kosa. Huu wa makumbusho ni rahisi kugeuka maandamano, kila mtu akipita kwa zamu yake bila kuulizwa kitu.

Na maswali yapo tele. Sanamu hiyo ya graniti, yenye uzito wa karibu tani saba, ilichongwa kwa ajili ya hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahri, ng'ambo ya Nile mkabala na Luxor. Hatshepsut alikuwa mwanamke, lakini sanamu ina ndevu za bandia, kwa kuwa alitawala kama Farao. Baada ya kufa kwake, Thutmose III, mwana wa mumewe, aliamuru sanamu zake zivunjwe, vipande vikatupwa kwenye machimbo ya mawe ya jirani. Miaka ya 1920 wachimbuaji wa makumbusho hayo, wakiongozwa na Herbert Winlock, walivifukua, na sfinksi ikaungwa upya.

Mkono unaostahili ukurasa mrefu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule uliogawa. Wakati huo Misri iliwaruhusu wachimbuaji wa kigeni kuchukua sehemu ya walichokipata, na sfinksi iliingia New York kwa mgawo huo. Mtu atasema: basi ni halali, ya nini kumchosha mtoto? Ni halali kweli, na si haki kuiita sanamu hii ya wizi. Lakini Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu 1882, na idara yake ya mambo ya kale iliongozwa na Wafaransa hadi 1952. Na mgawo haukuwa lazima: kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, Misri ilikataa kugawa hazina yake.

Wengine watasema sheria za mgawo ni nzito kwa mtoto mdogo. Mbona kisa cha mfalme kumvunjia marehemu sanamu zake si kizito? Kugawana ni jambo ambalo mtoto wa miaka sita hulipigania kila siku, na anajua haraka nani kapunjwa. Swali hilohilo litamsaidia akikutana na ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902 na kuingia British Museum mwaka 1908. Huko hapakuwa na mgawo wowote.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu unayewasomea watoto, sanamu inapokaribia kuvuka bahari, funga kitabu kidogo uwaulize: nani alikubali iondoke?