OKTANI SI NGUVU YA PETROLI



Baadhi yetu hapa Kigali ni madereva wa magari ya viwanda na mashamba. Wengine wameweka akiba miaka mingi wakanunua gari dogo lililotumika. Swali letu kituoni ni moja: je, petroli yenye namba kubwa ya oktani ni bora zaidi? Wengi hujibu ndiyo, na palipo na namba mbili hulipia ile ya juu kwa fedha ya jasho lao.

Oktani si kipimo cha nguvu. Ni kipimo cha uvumilivu. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza hewa na petroli mpaka vipate joto kali. Petroli yapaswa kungoja moto wa plagi uifikie. Isipongoja, ikalipuka yenyewe, injini hugonga kama kokoto ndani ya kopo, hasa gari lenye mzigo linapopanda mlima. Hali hiyo ikiendelea, pistoni huharibika.

Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye tabo inayoisukumia hewa, huhitaji namba kubwa. Lakini magari mengi madogo ya Japani yalitengenezewa petroli ya kawaida ya huko, oktani 90 hivi. Kuyatia ya juu zaidi hakuyaongezei nguvu.

Tena Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, hivyo injini isiyo na tabo haigongi upesi kama pwani. Hiyo si ruhusa ya kushuka chini ya namba iliyowekwa na watengenezaji. Isome katika kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha tangi, uifuate. Usinunue petroli ya madumu njiani. Ikichanganywa na mafuta ya taa, oktani hushuka. Malori ya dizeli hayamo katika hesabu hii.

Nanyi madereva wa kampuni, msinyamaze. Injini ikianza kugonga, mwarifu msimamizi kwa maandishi, taja tarehe na mafuta yaliyotiwa, kisha ubaki na nakala. Injini ikifa, huulizwa kwanza nani alishika usukani. Ni nadra kuulizwa nani alinunua mafuta. Karatasi yako ndiyo itakayojibu.